Mzigo Umeshavuka Kasindi

Bulengera, 2 Septemba

Mvua imerudi leo mchana. Naandika kwa sababu mtu niliyezoea kumsimulia siku yangu hayupo tena. Dada yangu Kavugho alikufa mwezi wa sita, katikati ya kiangazi, na tangu hapo jioni zangu zimejaa maneno yasiyo na pa kwenda. Mvua ya kwanza ikianguka alikuwa anaacha kila kitu na kusimama mlangoni kunusa udongo, hata kama chungu kinaungua. "Bénite, kuya unuse," alikuwa ananiita, "ya kesho haitanukia hivi." Leo nimesimama mlangoni peke yangu. Harufu ilikuwa ileile.

5 Septemba

Viazi vya Lubero ninavyouza sokoni havikufika. Wanasema ni barabara. Nimewaambia wateja kwamba lori liko karibu.

9 Septemba

Hadassa ni mtoto wa Kavugho. Anafundisha watoto wadogo katika shule ya maternelle hapa Bulengera, mtaa wa Butembo, na tangu msiba anakaa kwangu. Jioni tulikuwa tunachagua maharage ya mbegu. Anachagua kama mama yake: anatumia mkono wa kushoto, punje nzuri anazisukuma kwa kidole gumba, mbaya anaziacha palepale, na puani anaimba wimbo usio na maneno. Hakuna aliyemfundisha. Mara akaacha kuimba.

"Mama mudogo, leta mukono."

Akaushika mkono wangu na kuupeleka kwenye titi lake la kushoto, karibu na kwapa.

"Unaisikia?"

"Naisikia."

"Iko sawa na ya mama?"

Nilimjibu kwamba sijui. Mkono wangu ulijua. Ni mimi niliyemwosha Kavugho miezi yake ya mwisho, na kidole hakisahau kitu kigumu kama kile, punje chini ya kitambaa.

Tulimaliza kuchagua maharage. Sikumbuki kama tuliyachagua vizuri.

12 Septemba

Tumekwenda Beni kwa gari ya asubuhi, ile inayongoja magari mengine ili yapite pamoja kwa kuogopa wenye bunduki. Daktari Tshibangu ni mtu wa Kasaï, serikali ilimtuma huku zamani, na Kiswahili chake kina Kilingala na Kifaransa ndani. Ndiye aliyempasua Kavugho. Alituambia wakati ule kwamba tumechelewa kumleta, na najua alisema kweli. Lakini macho yangu yaliona hivi: dada yangu aliingia kwa miguu yake na akatoka amebebwa. Kwa hiyo leo sikuweza kuitazama mikono yake.

Alimpapasa Hadassa taratibu, akakaa, akachukua karatasi.

"Mama yenu mwenye kuwazala, wewe na Kavugho, alikufa na nini?"

"Na kifua," nikajibu. Kwetu ugonjwa huo hautajwi kwa jina lake.

"Maman, kwangu hapana ficha. Ilikuwa titi?"

Nikakubali. Akauliza juu ya bibi. Nikakubali tena. Kila mwanamke alimchorea duara, na waliokufa na titi akawapaka weusi: bibi, mama, Kavugho. Chini ya Kavugho akachora duara la Hadassa, akaliacha jeupe. Kando ya Kavugho akachora jingine jeupe, akaendelea kusema.

"Mwili iko sawa kitabu yenye banakopia kila siku. Makosa inaingia, lazima iingie. Mais ndani ya mwili mulemule kuko mwenye kusahihisha. Sasa, kuko famille zenye zinarizi musahihishaji mulegevu. Mama anaweza kuipatia mutoto, baba pia. Mutoto moja anaipata, mwingine hapana. Na mwenye anaipata, hatusemi lazima atagonjwa. Tunasema tu, yeye tumuangalie mbele ya bengine."

"Kuna kipimo ya kusoma ile maandishi?" Hadassa akauliza.

"Huku hatuna. Mais historia ya famille tuko nayo, na vidole tuko navyo."

Anataka kukata kipande kidogo cha lile vimbe, kipelekwe maabara. Hadassa alikuwa tayari kupanda kitandani. Mimi ndiye niliyesema tupewe nafasi tuongee na familia.

"Siku kidogo, maman," daktari akasema. "Hapana miezi."

13 Septemba

Kaka yetu Kasonia amekuja. Nilimweleza duara zile. Hakukaa.

"Ukoo yetu haina ugonjwa. Iko na bantu benye wivu, na ninabajua. Na ile dessin, hapana onyesha mutu. Hadassa hajaolewa. Nani ataoa duara nyeusi?"

"Mujomba, yangu ingali nyeupe," Hadassa akamwambia.

Kasonia alicheka bila kutaka, akaondoka na mwavuli wangu.

18 Septemba

Michée, kijana wa jirani, aliniona nikitembea bila kumsalimu mtu, akaniuliza kuna nini. Alikaa miaka mingi Guangzhou akinunua vipuri vya pikipiki. Sasa biashara imemwangusha, na anamtafsiria daktari Mchina aliyefungua chumba nyuma ya duka moja la vikwembe, nguo za kujifunga. "Maman Bénite, yule haina kisu," aliniambia. "Anatumia majani na vidole." Neno kisu lilinifanya niende.

Daktari Lin ni mwanamke mfupi mwenye nywele nyeupe na mabuti ya mvua. Aliweka vidole vitatu juu ya kifundo cha mkono wa Hadassa, akafunga macho kwa muda mrefu, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Mkono mwingine vilevile. Akatazama ulimi. Kisha akauliza swali la kwanza, Michée akatafsiri:

"Mama yake alikufa na nini?"

Nilishtuka. Swali lilelile la Beni.

Akaeleza, na Michée akatupatia maneno yake kwa lugha anayoijua, ya mizigo.

"Anasema hivi. Kila mutu anazaliwa na stoki. Baba na mama njo banakupatia ile stoki, inakaa ku figo. Bengine banapata stoki nzima, bengine inafika na makartoni yenye ililoba na mvua. Wewe Hadassa, yako inatoka kwa mama na bibi, iko kidogo. Sasa, damu na pumzi inapaswa kutembea. Ini njo déclarant. Unajua déclarant ya Kasindi, mwenye anapitisha mizigo ku mupaka? Akiwa na roho muzuri, mizigo inapita. Akikasirika, ao akiwa na huzuni, anafunga mulango, mizigo inapangana. Ikipangana sana, inafanya kifundo. Njo hiyo."

Hadassa alicheka, mara ya kwanza tangu tarehe tisa. Hata mimi.

Halafu daktari Lin akasema maneno mengi, akimtazama Hadassa, kisha mimi. Aligusa titi lake mwenyewe, akaelekeza mkono nje, upande wa barabara. Michée alisikiliza. Akanitazama usoni.

"Anasema dawa iko. Munywe, murudi kisha wiki mbili. Muzigo imeshavuka Kasindi, maman. Hapana ogopa."

19 Septemba

Mvua siku nzima. Nyumba inanuka majani yanayochemka.

22 Septemba

Baada ya kanisa nimekaa nikafikiri juu ya hawa madaktari wawili. Sikusoma sana, naandika ninavyoelewa.

Daktari Tshibangu anasema kosa liliandikwa ndani ya mbegu kabla hatujazaliwa. Hakuna aliyelileta kwa wivu, wala Kavugho hakulitafuta. Hilo linanituliza. Lakini andiko halina masikio, huwezi kulibembeleza. Lin anasema kilichozibwa kinaweza kuzibuliwa: ulale, ule, usifunge hasira tumboni. Hilo linanipa kazi ya kufanya, nami napenda kazi. Lakini usiku wa jana lilinichoma. Kama huzuni inafunga mlango, basi Kavugho alikufa kwa sababu alihuzunika, baada ya mumewe kuuawa njia ya shamba? Nani angemwambia asihuzunike? Na Hadassa, ambaye tumemzika mama yake juzi, atajizuia kwa namna gani?

Hata hivyo wote wawili walianzia kwa mama, wakapanda kwa bibi. Mmoja anaita andiko, mwingine anaita stoki. Kwetu tunasema tu kwamba mtoto kafanana.

27 Septemba

Viazi vimefika, nusu vimeoza kwa kukaa njiani.

2 Oktoba

Tumerudi kwa Lin. Alipogusa vimbe uso wake ulibadilika. Alisema kwa sauti kubwa kuliko mara ile. Michée alijikuna shingo.

"Anasema muendelee."

"Maneno yote ile ni muendelee?" Hadassa akauliza.

"Kichina iko murefu, ma sœur."

8 Oktoba

Hadassa analala vizuri sasa. Anakula. Amefundisha watoto wake wimbo wa bata, na hapa nyumbani tunausikia mpaka tunachoka. Nilimuuliza kama vimbe limepungua.

"Kidogo," akasema, bila kunitazama.

Ananipenda, ndiyo maana alisema hivyo. Sikumwomba nimguse.

9 Oktoba

Mvua. Ukuta wa choo umeanguka.

15 Oktoba

Nataka kuandika siku hii yote jinsi ilivyokwenda.

Kwa Lin tulimkuta mzee Ramazani kwenye benchi, amekuja kwa ajili ya mgongo. Ni Mwislamu wa Beni, wa mtaa wa Bungulu, ana malori mawili yanayopita Kasindi, na wote sokoni tunamjua kwa utani wake. "Maman ya viazi," akanisalimu, "leo unakuya kuuzia Bachina?" Tukaingia. Ni pazia tu linalotenganisha benchi na kitanda.

Lin alimpapasa Hadassa, akaondoa mkono haraka. Akamgeukia Michée. Hakupiga kelele, lakini kila neno alilitoa peke yake. Michée alijibu kwa Kichina. Akatugeukia.

"Anasema tutabadilisha majani kidogo, halafu..."

"Michée," sauti ya Ramazani ikatoka nyuma ya pazia. "Umeacha muzigo moja njiani."

Ramazani akasogeza pazia, akiwa amejishika kiuno.

"Maman, munisamehe, haya ni mambo ya banamuke. Mais nilikaa Guangzhou muda murefu kupita huyu kijana, na masikio iko yangu. Daktari anauliza mbona hamujaenda ku hospitali. Anasema alibaambia tangu siku ya kwanza. Anasema mara ya pili alirudilia. Anauliza, hawa bantu habapendi mutoto yao?"

Nilimwangalia Michée. Alikuwa anatazama sakafu.

"Sema yote," Hadassa akamwambia Ramazani. Sauti yake ilikuwa ya darasani.

Ramazani akaongea na daktari, akatafsiri polepole, bila mchezo wake wa kawaida. Lin alisema: dawa yake inasaidia mtu kulala, kula na kuwa na nguvu, lakini kifundo kama hiki yeye hawezi kukiachia majani. Kwao wale wa kisu na wale wa majani wanafanya kazi katika nyumba moja. Mmoja anatoa, mwingine anainua mgonjwa. Hakuwahi kusema Hadassa aache moja achukue nyingine. Na kuhusu huzuni, nilimwomba Ramazani aulize: je, dada yangu alijiua kwa huzuni? Lin alinishika kifundo cha mkono kwa vidole vyake vitatu, ingawa sikuwa mgonjwa.

"Anasema hapana. Huzuni ni mvua. Nyumba yenye paa yake ilitoboka tangu kujengwa inaloba mbele ya zingine. Hatusemi ni kosa ya mwenye kulala ndani."

Nilimshukuru kwa Kinande cha kwetu, "wasingya", kwa sababu lugha nyingine hazikutoka.

16 Oktoba

Michée alikuja mapema, kabla ya gari. Nilikuwa nimejiandaa kumfukuza. Alisimama kwenye mvua nje ya mlango na sikumwambia aingie.

"Kwa nini?"

"Siku ya kwanza, maman, aliposema hospitali, niliangalia uso yako. Ilikuwa uso yenye nilikuona nayo ku matanga ya Kavugho. Nikasema moyoni, nimupatie wiki mbili apumzike. Halafu nikashindwa kurudia nyuma."

"Na jana ulimjibu nini daktari?"

"Kwamba mulienda, bakabaambia mungoje."

Basi alikuwa anawapa pande zote mbili habari nzuri. Nilitaka kusema neno kali na nikakumbuka neno langu kwa wateja, lori liko karibu. Hakuna mfanyabiashara Butembo asiyesema hivyo. Kontena lingali Mombasa, nasi tunamwambia mteja limeshavuka Kasindi, apate kulala, nasi tupate muda. Hilo hatuliiti uongo. Mara nyingi mzigo unafika kweli, na mteja anasahau. Michée alimfanyia Hadassa vilevile tunavyofanyiana kila siku, ila huu haukuwa mzigo wa vipuri.

"Sitakuita muongo," nikamwambia. "Mais kwa mutoto huyu, tangu leo, unasema penye muzigo iko."

Akabeba mfuko wa Hadassa mpaka kwenye gari. Hadassa aliuchukua kutoka mkononi mwake bila kumjibu salamu.

17 Oktoba, Beni

Wamekata kipande. Daktari Tshibangu hakuuliza tulikuwa wapi mwezi mzima. Nilimwambia mwenyewe. Akasema, "Mumekuya," na akanawa mikono. Leo niliitazama. Ni mikono midogo kwa mtu mrefu hivi, na kucha amezikata fupi sana.

24 Oktoba

Kipande kimevushwa kwenda maabara Uganda. Tunangoja.

30 Oktoba

Tunangoja. Maharage yametoa maua.

7 Novemba

Ni saratani. Vimbe ni dogo bado, daktari anasema, dogo kuliko la Kavugho alipokuja. Litatolewa pamoja na titi lote, halafu dawa za mshipani kwa miezi. Hadassa aliuliza kama ataweza kumbeba mtoto darasani. "Kwa mukono ya kuume, ndiyo," akajibiwa.

Usiku Kasonia alipiga simu. Nilidhani atazungumza juu ya ndoa. Aliuliza kama aina ya damu yake inafaa kuwekewa Hadassa.

13 Novemba, Beni

Aliingia kwa miguu yake. Mlango ulipofungwa, miguu yangu ilikumbuka mlango ule. Kasonia alikaa nami, na mwavuli wangu magotini mwake. Mvua ilipiga mabati hata hatukuweza kuongea, na hilo lilitusaidia.

Walimtoa amebebwa. Alikuwa anapumua. Nilitembea kando ya kitanda chake mpaka mwisho wa baraza nikitazama shuka linapanda na kushuka.

14 Novemba

Ameomba chai.

22 Novemba

Tumerudi Bulengera. Lin alikuja nyumbani kumwona, na Michée nyuma yake. Michée alitafsiri neno kwa neno, mpaka alipofika kwenye jambo baya: majani haya asinywe siku za dawa za mshipani bila daktari wa Beni kuyaona, yanaweza kupigana. Alilisema wazi, jasho likimtoka. Hadassa akamwambia, "Njo hivyo." Ni maneno ya kwanza aliyompa tangu siku ile.

Lin alisimama kwenye mlango wetu kabla ya kuondoka. Mvua ilikuwa inaanza. Alivuta pumzi puani, kwa muda mrefu, macho yamefungwa. Sikumwambia ni nani mwingine aliyekuwa anasimama pale.

29 Novemba

Tumeanza kuvuna maharage. Mkono wa kushoto wa Hadassa haujapata nguvu, kwa hiyo anachagua kwa mkono wa kuume, taratibu, kama mtoto anayejifunza kuandika. Nilidhani Kavugho ameondoka kwenye mikono ile. Baadaye akaanza kuimba puani.

4 Desemba, Beni

Kidonda kimefunga vizuri. Daktari Tshibangu aliangalia pakiti za Lin moja moja, akanusa, akaweka mbili kando. "Hizi angoje. Hizi za kumufanya akule, sina shida nazo. Muambieni confrère yangu namusalimia." Alisema confrère, kama mtu wa kazi yake.

Halafu akatoa ile karatasi ya duara. Ya Hadassa alikuwa ameipaka nusu. Akaweka kidole juu ya ile nyeupe iliyo kando ya Kavugho.

"Na huyu, maman, tunamungoja tangu mwezi wa kenda."

Niliitazama kama naiona mara ya kwanza. Mimi na Kavugho tumetoka tumbo moja. Miezi hii yote nilikuwa nahesabu duara za watu wengine.

"Nitarudi, docteur. Leo niko na viazi zangu za kupokea sokoni."

"Zimefika?"

"Ziko njiani."

Hadassa alikuwa anafunga kikwembe chake kwa mkono mmoja. Akaacha.

"Mama mudogo. Ziko njiani, ao hazijatoka Lubero?"

Nilimtazama. Ana macho ya mama yake, yale yasiyokusaidia kukwepa.

"Hazijatoka," nikasema.

Akanishikia mtandio. Nilifungua vifungo mwenyewe, nikalala, nikainua mkono wa kushoto juu ya kichwa kama nilivyoambiwa. Daktari alisugua viganja vyake vipate joto, lakini vilibaki baridi. Nyuma ya pazia Hadassa alianza kuimba puani wimbo ule usio na maneno, nami nikamfuata, kwa sababu niligundua kwamba naujua.